SOMO: Kuonyesha utando unavyotenga gesi, kwa maputo na ndoo

Tangu shule zifungue najibu swali lile lile kwenye simu hadi usiku: "Mwalimu, tuonyesheje utando wa kukamata kaboni na maabara yetu haina kitu?" Naandika hapa mara moja. Utando ni ngozi nyembamba inayopitisha gesi moja haraka kuliko nyingine, ndiyo maana unaweza kukamata kaboni dioksidi kutoka kwenye moshi. Hapa utando wetu ni mpira wa puto. Mtu akiuliza, mleteni huku.

Vifaa: ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko, maputo mawili ya mpira ya pakiti moja, pampu ya baiskeli, uzi, rula, dumu la lita 5, mpira wa dripu, bakingi soda gramu 100, siki lita moja na nusu.

1. Jaza maputo kwa pampu, nusu tu ya uwezo wake. Usipulize kwa mdomo. Pumzi tayari ina kaboni dioksidi kama asilimia 4.

2. Zungushia kila puto uzi tumboni, pima, andika.

3. Puto A ndoo ya kwanza, puto B ndoo ya pili yenye hewa ya kawaida.

4. Weka soda kwenye dumu, mimina siki kidogo kidogo, ziba mdomo kwa kitambaa kilichobana mpira wa dripu. Ncha ya pili ifike chini kabisa ya ndoo A. Gesi inayotoka ni kaboni dioksidi, ni nzito kuliko hewa, itajaa kutoka chini. Kifuniko kiegeshe tu, usikikaze.

5. Shusha njiti ya kiberiti mdomoni mwa ndoo. Ikizimika, imejaa.

6. Subiri saa mbili, pima tena. Puto A linatakiwa kunenepa kuliko B, kwa kuwa kaboni dioksidi huingia kupitia mpira. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wa kwanza sikuwa na ndoo B. Ilikuwa Julai, Iringa, asubuhi ya baridi kali. Nikapima saa moja. Saa sita jua limeshaingia dirishani, puto limeongezeka karibu sentimita moja, nikawatangazia wanafunzi kwamba utando umefanya kazi. Binti mmoja wa nyuma akauliza: "Mwalimu, mbona na puto la mapambo pale ukutani limenenepa?" Nikaenda kuangalia: mpira wa dripu ulikuwa umechomoka kwenye dumu, ndani ya ndoo mlikuwa na hewa tupu. Lililokuza puto ni joto. Nilikuwa nimewafundisha uongo wanafunzi arobaini, na kesho yake nilisimama mbele yao nikaomba radhi. Kwa hiyo: weka ndoo zote mbili kivulini, pima A na B wakati mmoja, rudia njiti mwishoni. A peke yake haisemi kitu. Jibu ni tofauti ya A na B.

7. Fanyia penye hewa, na usiingize kichwa ndani ya ndoo.

MASWALI

Mafinga_Kwetu: Mkuu sina bakingi soda, hamira inafaa?
— Hamira kwa siki, hapana. Orodha iko juu.

Chipukizi_Njombe: Puto langu la kung'aa halijabadilika. Somo halifanyi kazi.
— Nimeandika puto la mpira. Hilo lako ni plastiki iliyopakwa alumini, limetengenezwa ili lisipitishe gesi. Somo linafanya kazi.

Binti_wa_Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Ina maana mpira una vitundu vinavyotosha kaboni dioksidi tu?
— Marahaba binti, umeuliza kiini chenyewe. Hakuna vitundu. Molekuli ya kaboni dioksidi ina upana wa nanomita 0.33, ya naitrojeni 0.36, tofauti hiyo ndogo haielezi kwa nini mpira wa asili hupitisha ya kwanza zaidi ya mara kumi. Kaboni dioksidi huyeyuka ndani ya mpira, hupenya katikati ya minyororo yake, kisha hutokea upande wa pili. Thomas Graham, mkemia wa Scotland, alilieleza hivyo mwaka 1866. Na hewa nayo hutoka, ila polepole sana.

Binti_wa_Tukuyu: Na moshi wa kiwanda cha saruji, kama pale Songwe?
— Kinachosukuma gesi ni tofauti ya mgandamizo wa gesi hiyo yenyewe pande mbili za utando. Moshi wa bomba hauna mgandamizo wa kutosha, kwa hiyo umeme mwingi huishia kwenye pampu. Saruji ina nafuu moja: jiwe la chokaa lenyewe hutoa kaboni dioksidi likichomwa, hivyo moshi wake una gesi hiyo nyingi kuliko wa makaa ya mawe.

Fundi_Uyole: Nisafishie biogesi yangu hivi?
— Mitambo mikubwa hufanya hivyo kwa nyuzi zenye uwazi ndani. Kaboni dioksidi hupita, methani, ile gesi inayowaka, hubaki. Lakini inabidi biogesi ishindiliwe kwanza, na kushindilia methani nyumbani ni hatari. Usijaribu. Kwa jiko, toa ile harufu ya yai viza tu: pitisha gesi kwenye steelwire ya kusugulia sufuria iliyoshika kutu. Ikiwa nyeusi, ilowanishe kabla ya kuitoa, kwani ikikauka hewani hupata moto yenyewe.

Kilolo_Juu: Sisi tulitumia dumu la ulanzi, pombe ya mianzi, badala ya siki.
— Nimeipenda sana, wiki ijayo nawaonyesha wanafunzi wangu. Gesi ya ulanzi hutoka taratibu, iache usiku kucha ndipo uweke puto. Mdomo wa dumu uishie kwenye mpira wa dripu, usiufunge kabisa. Ulikuwa mtogwa, yaani ulanzi mtamu ambao haujakolea, wa siku ngapi?