Kuziba mikanda ya kijivu kwenye skrini ya projekta kwa ubao mmoja wa plastiki na mahameli

Zima taa, washa projekta, weka filamu iliyo pana kuliko skrini yako. Juu na chini ya picha utaona mikanda inayotakiwa kuwa myeusi, lakini ni ya kijivu. Projekta haiwezi kuzuia mwanga wake wote; daima kuna unaovuja, na skrini nyeupe inaurudisha kwako. Ukiiziba mikanda hiyo kwa kitambaa cheusi kweli, picha inapata ukingo, na rangi zinasimama. Nimewafungia vizibo vya aina hiyo wateja kadhaa hapa Kampala waliokuwa tayari kununua projekta mpya, wakaacha kuitafuta.

Vizibo vya mota vinavyoagizwa kutoka ng'ambo ni ghali mno. Hivi vya kwetu vinabandikwa kwa mkono kwa sumaku, na pesa karibu yote inaishia kwenye kitambaa. Ndiko inakopaswa kwenda.

Hatua ya 1: Nyoosha picha, kisha pima

Usikate chochote kabla picha haijakaa sawa. Projekta isimame usawa mbele ya skrini, na ule urekebishaji wa pembe uitwao kistoni uuzime kabisa. Ukiuacha, picha itaonekana mstatili lakini kuizunguka kutakuwa na mwanga hafifu uliopinda, ambao hakuna kizibo cha mstari ulionyooka kitakachouziba.

Skrini nyingi za nyumbani ni za 16:9, yaani uwiano wa upana kwa kimo. Nachukua mfano wa picha yenye upana wa sm 240 na kimo cha sm 135. Gawanya upana kwa uwiano wa filamu, upate kimo cha picha. Kitoe kwenye 135, kisha gawa kwa mbili.

Filamu za 2.39:1: 240 ÷ 2.39 ni sm 100.4. Kila mkanda, juu na chini, ni sm 17.3. Upana wa aina hii ulienea tangu 1953, kampuni ya 20th Century Fox ilipoleta CinemaScope kuwavuta watu watoke kwenye televisheni.

Za 2.00:1, ambazo ni tamthilia nyingi za siku hizi: sm 7.5 kila upande.

Za 1.85:1: sm 2.6 tu. Hizi mimi huziacha.

Vipindi vya 4:3, kama vile televisheni yote ilivyokuwa UTV, televisheni ya Uganda, ilipoanza hapa 1963: picha ina upana wa sm 180, kwa hiyo sm 30 zinabaki kushoto na sm 30 kulia.

Hesabu hiyo ikuongoze, lakini neno la mwisho ni la futi kamba juu ya skrini, filamu ikiwa imesimamishwa. Nakala za mitaani, hasa zile zenye sauti ya VJ, yaani mtafsiri anayeisimulia filamu, mara nyingi zimekatwa au zimevutwa, na haziwi za uwiano ulioandikwa kwenye jalada.

Hatua ya 2: Kitambaa

Nenda Kiyembe, mtaa wa wauza vitambaa hapa Kampala, ukiwa na tochi ya simu. Unatafuta mahameli nyeusi yenye nywele fupi zilizosimama wima. Mwanga ukiingia kati ya nywele hizo unagonga huku na huku hadi unaishia humo humo. Satini, hata iwe nyeusi namna gani, inang'aa. Mahameli inayovutika, ile ya magauni ya sherehe, nayo inameta. Na ile iliyokunjwakunjwa kwa urembo usiiguse. Mwombe muuzaji akunjue vitambaa viwili vitatu kando kwa kando, umulike kwa pembe, uchukue kinachobaki cheusi kama shimo. Muuzaji mzuri hatakukasirikia, maana anajua tofauti hiyo kuliko wewe.

Pitisha kiganja. Ukielekea upande mmoja ni laini, ukirudi kunakwaruza. Weka alama ya mshale kwa chaki nyuma ya kitambaa, kwa sababu vipande viwili vilivyogeuzana nywele vitaonekana weusi wa aina mbili, na jicho halitaacha kuvitazama.

Kitambaa chenye upana wa mita 1.5 kinakutosha kwa mita 2.6 za urefu, kwa vizibo vyote vinne: viwili virefu vya juu na chini, na viwili vya kushoto na kulia. Ongeza mita 1 kwa mpaka mweusi utakaoizunguka skrini (hatua ya 4), hata ikibidi kuunga vipande.

Hatua ya 3: Ubao

Tumia ubao wa plastiki wenye mifereji ndani, ule wa mabango ya matangazo. Karatasi ya futi 8 kwa 4 ni sm 244 kwa 122. Mbao za miti kwa kazi hii sizipendi: za Ndeeba, soko letu la mbao, zikija hazijakauka vizuri, mvua za Machi hadi Mei zinazipinda, na ukingo uliopinda unaonekana kutoka kwenye kochi.

Kata viwili vya sm 244 kwa 19.3 na viwili vya sm 139 kwa 32. Zile sm 2 za ziada kila upande zinalala juu ya mpaka. Hakikisha mifereji inakwenda kwa urefu wa kizibo, na ukate kwa wembe mpya ukifuata rula ya chuma.

Hatua ya 4: Sumaku na bati

Kwa wauza zipu na vifungo ulizia sumaku za mikoba, zenye vijiguu viwili vya kukunja. Gundi nyingi hazishiki plastiki hii, lakini vijiguu vinatoboa ubao na kukunjwa upande wa mbele. Weka sumaku sm 1 kutoka ukingo wa nje, kila baada ya sm 40 hivi. Kwenye vizibo virefu ongeza safu ya pili, sm 9.8 ndani ya ile ya kwanza: ukikisogeza kizibo hadi safu ya pili ishike bati, umepata 2.00:1 bila kukata kingine.

Zungusha skrini mpaka wa sm 5. Chini ya mahameli yake ficha ukanda mwembamba wa bati. Beba sumaku dukani, kwa kuwa mabati ya alumini hayashiki.

Hatua ya 5: Kuvalisha

Kwa vizibo virefu, funga ufito mwembamba kwa skrubu fupi upande wa mbele, kwenye ukingo wa nje, ili visilegee katikati. Mahameli itauficha.

Laza kitambaa kifudifudi, weka ubao juu yake, kunja sm 5 kila upande. Sasa shona nyuma kwa uzi wa nailoni, ukivuta kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwa mishono mirefu ya zigizaga. Usikaze sana; ubao utajikunja kama ukili. Pasua kidogo panapotokea sumaku. Zile za safu ya pili zifunike kwa kipande cha mahameli ili zisikwaruze skrini.

Hatua ya 6: Kutundika

Anza na cha chini. Weka filamu, sogeza ukingo hadi umeze mkanda wote wa kijivu na kuingia ndani ya picha milimita 2 au 3, kisha fanya hivyo juu. Kupoteza milimita hizo ni nafuu kuliko kuacha uzi wa mwanga.

Maandishi ya tafsiri yakiangukia kwenye kizibo, fungua mipangilio ya maandishi kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, uyapandishe ndani ya picha.

Vizibo visivyotumika visimamishwe ukutani nyuma ya pazia, nywele zikielekea nje; ukivilaza kimoja juu ya kingine nywele zitalala. Vumbi la kiangazi litoe kwa brashi ya nguo, ukifuata upande laini, bila maji.