Kifuniko kifike mdomo ukiwa chini: mashine ya kupanga vifuniko vya chupa

Nina karakana ndogo Pasua, hapa Moshi. Mama mmoja wa Kibosho anayetengeneza juisi pamoja na wenzake alinijia na mfuko wa vifuniko vya plastiki, vile vya kuzungusha. "Fundi," akaniambia, "mashine ya kufunga chupa tunayo, lakini inataka kila kifuniko kifike mdomo ukiwa chini. Nimemweka binti yangu kutwa nzima anageuza vifuniko kwa mkono. Vidole vimemvimba." Nilimjibu, "Niachie mfuko, mama." Ninayoandika hapa ndiyo niliyojifunza kwenye kazi ile, pamoja na vipimo vyake, maana vipimo ndivyo vilivyonisumbua.

Jambo la kwanza, usihangaike kutengeneza kitu cha kugeuza vifuniko. Kukigeuza kifuniko unahitaji kwanza kujua kimekaaje, na hapo utaanza kutafuta kamera na kompyuta. Tengeneza kitu kinachobeba kilichokaa vizuri na kuangusha kilichokaa vibaya, kirudi kwenye hopa (sanduku la kumwagia vifuniko) kikajaribu tena. Kikianguka mara tano haidhuru, hopa ina vingi.

Hili nililiona utotoni kwenye kahawa, sikujua tu kwamba nitalihitaji. Marehemu baba alifanya kazi kwenye ukoboaji, akanionyesha jinsi kahawa ya PB (peaberry) inavyotengwa. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili zilizobanana, ndiyo maana kila moja ina upande bapa. Tunda likiwa na punje moja tu, punje hiyo hukua mviringo, na hiyo ndiyo PB. Chekeche la matundu ya duara hupima upana: namba 18 ni tundu la inchi 18/64, karibu mm 7.1. Upana peke yake hauwezi kukutengea PB na punje bapa ndogo. Kwa hiyo huwekwa chekeche la matundu marefu membamba. Punje bapa husimama kiubavu ikapenya. PB, kwa unene wake, hubaki juu. Hakuna jicho linaloangalia pale. Mtu ametafuta kipimo kimoja ambacho punje hizi mbili zinatofautiana, akakitobolea tundu.

Basi chukua kifuniko chako ukitafutie kipimo hicho. Changu kilikuwa na kipenyo cha mm 30 na kimo cha mm 16. Kipenyo hakisaidii, kwa sababu ni kilekile mdomo uelekee huku au kule. Tofauti iko kwenye uzito: upande uliozibwa una plastiki nyingi, upande wa mdomo ni ukuta mtupu. Funga uzi wa kushonea kukizunguka kifuniko kama mshipi kiunoni, kining'inize, kisha usogeze uzi mpaka kifuniko kitulie bila kuinamia upande wowote. Hapo uzi ulipo ndipo kilipo kitovu cha uzito. Kwangu kilikuwa mm 5.5 kutoka upande uliozibwa, yaani mm 10.5 kutoka mdomoni. Pengo hilo la mm 5 ndilo mashine nzima. Kama kitu chako kina kitovu katikati kabisa, acha njia hii, tafuta tofauti nyingine ya umbo.

Sasa mashine yenyewe. Ni mkanda wa mpira unaopanda karibu wima kutoka kwenye hopa, na juu ya mkanda kuna rafu nyembamba za kukingama. Kifuniko hukaa kwenye rafu kwa ubavu wake, kama gurudumu, uso mmoja ukiugusa mkanda. Upande uliozibwa ukiwa ndani, uzito uko mm 5.5 kutoka kwenye mkanda. Mdomo ukiwa ndani, uzito uko mm 10.5. Rafu yenye upana ulio kati ya hivyo viwili hukibeba cha kwanza na kukiangusha cha pili.

Nilikata rafu za mm 8, katikati kabisa, nikajiona nimemaliza. Nikauegemeza mkanda nyuma nyuzi 12 (digrii) ili vifuniko vizuri visidondoke kwa mtikisiko. Vikapanda vyote, vizuri na vibaya, bila hata kimoja kuanguka! Siku mbili nilihangaika na rafu wakati kosa lilikuwa kwenye mwegemeo. Mkanda ukiegemea nyuma, uzito nao unarudi nyuma, na kiasi chake ni nusu kipenyo mara tanjenti ya pembe. Kwa nusu kipenyo cha mm 15 na nyuzi 12 unapata mm 3.2. Kile kibaya cha mm 10.5 kikawa kama mm 7.3, na rafu yangu ilikuwa mm 8. Kingeangukaje?

Vipimo vilivyokubali ni rafu ya mm 7 na mwegemeo wa nyuzi 5. Nyuzi 5 zinarudisha uzito mm 1.3, kwa hiyo kizuri kiko mm 4.2, kibaya mm 9.2, na rafu iko kati yao ikiwa na nafasi ya zaidi ya mm 2 kila upande. Kupima pembe hakuhitaji chombo cha bei: ning'iniza timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni), na kwa kila mita 1 ya kimo, sehemu ya juu ya mkanda irudi nyuma mm 87. Fremu ifungie kwa bolti kwenye matundu marefu, usiichomelee, maana utairekebisha tu.

Kati ya rafu na rafu acha nafasi inayozidi kipenyo lakini isifike vipenyo viwili, la sivyo kifuniko kitakalia kingine. Mimi niliacha mm 39. Mota yenye giaboksi inapandisha rafu 40 kwa dakika. Hata kila rafu ikileta kifuniko kimoja tu kizuri, akina mama wanaojaza chupa 25 kwa dakika hawatasubiri. Hopa isijazwe zaidi ya theluthi. Ikijaa, vifuniko vya chini vinasukumwa na kubanwa kwenye rafu, na hata vibaya vinapanda.

Juu, ubao wa plastiki uliolazwa mshazari mbele ya rafu unavisukuma kando, navyo vinabiringika vyenyewe kuingia kwenye mfereji. Mfereji nilitengeneza kwa nondo za mm 6, upana wa ndani mm 17, ukijipinda robo mzunguko ili kifuniko kishuke mdomo ukiwa chini. Katika mm 17, kitu cha kipenyo cha mm 30 hakiwezi kugeuka. Nondo zinakuacha uone kilipokwama na kuosha sukari ya juisi, ambayo inagandisha kila kitu. Mnyororo na puli zifunike kwa bati; akina mama wanavaa vitenge.

Kujaribu, paka rangi vifuniko 100 upande uliozibwa, mwaga hopani, hesabu vinavyotoka vibaya. Nilikataa kuikabidhi mpaka mizunguko mitatu ikatoka bila kosa.

Miezi michache baadaye mama alinipigia simu: muuzaji amebadilisha vifuniko, vipya ni vifupi, mm 11. Nikavifunga uzi: mm 4 na mm 7. Nikakata rafu za mm 4, nikaacha mwegemeo uleule, nikapunguza mwendo hadi rafu 30 kwa dakika kwa sababu sasa nafasi ni kama mm 1 na nusu tu kila upande. Rafu za zamani nimezifungia kwenye mfuko zikiwa na lebo, zinaning'inia ukutani kwake Kibosho.