Ukimpikia Mja Mzito Aliyepungukiwa na Damu, Ondoa Birika Mezani

Mkaza mwanangu alirudi kliniki na mimba ya miezi mitano, kitabuni damu imeandikwa 9.2. Mja mzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Kufikia magharibi, majirani zetu hapa Kisauni walikuwa wameshaleta fungu zima la biti. Nawashukuru kwa wema wao, lakini wekundu wa biti si damu. Damu hujengwa kwa madini ya chuma, na biti ina chuma kidogo. Mbaazi, kunde, dagaa na nyama ndivyo vya kutegemea.

Asubuhi kwetu ni mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa iliyokolea majani. Mbaazi zina chuma, lakini chai hukishika kile chuma tumboni, kikapita bila kuingia mwilini. Basi nikaondoa birika. "Mama, mahamri bila chai yatashukaje?" aliniuliza, na machozi yanamlenga. Nikamwekea juisi ya mapera. Akila saa mbili, chai yake anaipata saa nne.

Mbaazi kavu zilowekwe usiku kucha, yale maji yamwagwe, zichemshwe kwa maji mapya. Kulowesha hupunguza vitu vinavyozuia chuma. Tui zito litie mwisho, epua, kisha kamua ndimu juu ya sahani yake anapokaa kula. Usikamulie sufuriani moto unawaka, maana vitamini C huharibika kwa moto, na hiyo vitamini ndiyo inayokisaidia chuma cha nafaka na mboga kuingia mwilini. Embe bichi au chungwa pia hufaa.

Mchicha peke yake hautoshi, kwani chuma chake huingia kwa shida. Mimi huukaangia vipande vya nyama ya ng'ombe au dagaa. Nyama na samaki huvuta hata chuma cha mboga iliyo sahani moja nayo. Maini sikumpa: vitamini A yake ni nyingi mno, yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Siku moja nilimkuta na udongo wa kula umefungwa kwenye leso. Usimgombeze mtu kwa hilo. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, ila udongo wenyewe huzuia chuma na waweza kuleta minyoo. Mwambie amweleze muuguzi.

Na vidonge vya kliniki haviachwi hata chakula kikiwa kizuri namna gani. Ameze kama alivyoandikiwa, kwa maji, si kwa chai wala maziwa. Choo kitakuwa cheusi, msishtuke. Wetu alikuwa akitapika akimeza asubuhi, tukahamishia wakati wa kulala, akatulia.

Akihema hali amekaa, moyo ukimwenda mbio, akitokwa na damu au akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Malaria hula damu, na hakuna mbaazi itakayoishinda. Chandarua kiwe kimeshuka kila usiku.

Baada ya wiki sita kitabu kiliandikwa 10.6. Birika bado linakaa jikoni mpaka saa nne, na siku hizi ni yeye mwenyewe anayenikumbusha ndimu.