Somo: Kuiandaa nyumba ya kupanga wakati korona ilipoingia nchini Tanzania, Machi 2020

Ndugu wanachama, Jumatano ya Machi 11, 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umekuwa janga la dunia nzima. Ijumaa yake Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, na Jumatatu iliyofuata, Machi 16, Wizara ya Afya ikathibitisha mgonjwa wa kwanza wa Tanzania, msafiri aliyetoka Ubelgiji na kugundulika Arusha. Shule zilifungwa kwa siku 30 na watoto wakawa nyumbani. Maelekezo mengi yaliyozunguka kwenye simu yalimfaa mtu mwenye nyumba yake peke yake, chumba cha wageni na bafu mbili. Somo hili ni letu sisi wa chumba kimoja au viwili, tunaochangia bomba, choo na ua na familia nyingine, na tunaonunua unga wa siku kwa fedha ya siku. Katika nyumba kama hiyo mtu hawezi kujikinga chumbani kwake peke yake, kwa hiyo maandalizi yanaanza na nyumba nzima.

Hatua ya kwanza: kikao cha wapangaji

Kaeni uani, mahali penye hewa, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake kwa mita moja au zaidi, na salamu ziwe za mdomo bila kupeana mikono. Mwiteni mwenye nyumba na, ikiwezekana, mjumbe. Kubalianeni nani anaosha choo na saa ngapi, sabuni ya pamoja itanunuliwa kwa mchango gani, na nani atawaendea sokoni wazee na wagonjwa wa muda mrefu ili wasilazimike kuingia kwenye msongamano. Kubalianeni pia, na hili ndilo zito kuliko yote, kwamba mpangaji atakayeugua hatafichwa wala hatafukuzwa. Mtu akiogopa kutupiwa vyombo nje atakohoa kimya kimya, ataendelea kuchota maji kwenye bomba lile lile, na nyumba nzima itajua wakati imeshachelewa. Ningeomba mwenye nyumba alitamke hilo kwa mdomo wake mbele ya wote.

Hatua ya pili: mahali pa kunawia

Kirusi cha korona kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni ya kawaida, hata ya mche tunayofulia, inauvunja utando huo. Kinachotakiwa ni muda wa kusugua, yaani sekunde zisizopungua 20, pamoja na viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na kucha. Hakuna haja ya kugombania vitakasa mikono. Hivyo viwe vya safarini, mahali pasipo na maji.

Tengenezeni kibuyu chirizi karibu na mlango wa ua na kingine karibu na choo. Chukua dumu la lita 5, utoboe tundu dogo upande wa mbele kwa msumari uliopashwa moto, sentimita 12 hivi chini ya mfuniko. Pitisha fito kwenye mkono wa dumu na uilaze juu ya nguzo mbili zenye panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, na ncha ya pili uifunge kwenye kijiti kinacholala karibu na ardhi, ili anayenawa akikanyage kwa mguu, dumu liiname na maji yachirizike bila mtu kushika kitu. Jaza maji mpaka chini kidogo ya tundu. Sabuni itobolewe na kuning'inizwa kwa kamba chini ya kipande cha bati, kwa sababu mvua ya masika itaiyeyusha. Mwaga kokoto mahali maji yanapodondokea ili pasiwe na tope.

Wenye ndoo ya koki wakumbuke kwamba koki inafunguliwa na mkono mchafu. Ipakeni sabuni na kuisuuza kabla ya kuifunga.

Hatua ya tatu: chakula, maji na moto

Lengo ni akiba ya siku 14, kwa sababu huo ndio muda ambao mtu aliyekaribiana na mgonjwa aliambiwa ajitenge mwaka 2020. Kwa wastani wa gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, familia ya watu watano itahitaji kilo 2 kila siku, yaani kilo 28 kwa siku hizo zote, na maharage kilo 7 kwa kukadiria gramu 100 kwa kila mtu. Asiye na fedha ya kununua kwa mkupuo asikate tamaa wala asikope: kila anaponunua unga wa siku aongeze nusu kilo ya kuweka pembeni. Mwenye fedha naye asibebe magunia, kwa kuwa bei atakayoipandisha yeye itamwangukia jirani wa chumba cha pili.

Kwa akiba chagueni sembe kuliko dona. Dona ina lishe zaidi, lakini kiini cha mahindi kina mafuta yanayoifanya iharibike mapema. Unga na mahindi viwekwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, maana unyevu wa masika huleta ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupika. Dagaa wakavu, chumvi, sukari na mafuta vinakaa bila friji. Mkaa nao ulindwe na mvua.

Maji ya akiba yafunikwe kikamilifu. Mwaka 2019 homa ya dengue ilitusumbua hapa Dar es Salaam, na mbu wake huzaliana kwenye madumu na mapipa yaliyo wazi.

Hatua ya nne: dawa na kliniki

Mwenye presha, kisukari, pumu, kifua kikuu au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aulize kituo chake mapema kama anaweza kupewa dawa za muda mrefu zaidi. Kliniki ya wajawazito na chanjo za watoto zisiachwe. Surua haijasimama kwa sababu korona imekuja.

Hatua ya tano: mahali pa mgonjwa

Amueni sasa, wakati wote ni wazima. Familia yenye vyumba viwili imwachie mgonjwa kimoja, dirisha likiwa wazi. Yenye kimoja imlaze karibu na dirisha, wengine walale mbali kadiri inavyowezekana, miguu yao ikielekea kichwani kwake, na watoto waende kulala kwa ndugu mzima ndani ya nyumba hiyo hiyo, wasipelekwe kwa bibi, kwani wazee ndio wanaozidiwa zaidi na ugonjwa huu. Mhudumu awe mmoja, mwenye afya na asiye mzee. Sahani, kikombe na taulo vya mgonjwa viwe vyake peke yake.

Choo cha pamoja kinahitaji utaratibu. Mgonjwa akitumia, mhudumu afute kitasa, kopo na ukuta anaoushikilia kwa maji ya klorini: vijiko vikubwa viwili vya jiki katika lita moja ya maji, yaliyochanganywa siku hiyo hiyo. Msichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hutoa gesi inayounguza mapafu.

Akishindwa kupumua vizuri, akiwa na maumivu ya kifua yasiyoacha, akichanganyikiwa au midomo ikigeuka rangi, hilo si la kungoja. Pigeni 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, mpate maelekezo kabla ya kumpandisha kwenye daladala.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tandika: Shikamoo mwalimu. Mimi nauza vitumbua asubuhi. Nikikaa ndani siku 14 watoto watakula nini?

Marahaba, mwanangu. Siku 14 za ndani ni za mtu aliyeugua au aliyekaribiana na mgonjwa. Wewe mzima endelea na biashara yako. Weka maji na sabuni mbele ya meza, tumia koleo badala ya vidole, na mwombe mteja aweke fedha kwenye bakuli ili usizishike huku unahudumia. Ukiumwa, hata mafua tu, usipike siku hiyo. Ndiyo maana nusu kilo ya kila siku ianze leo.

Mwanachama wa Tanga: Je, homa yoyote sasa ni korona?

Hapana. Malaria ipo, hasa kipindi cha mvua. Homa ipimwe malaria kwanza kituoni, na chandarua kitumike kila usiku. Ila ukiwa na homa pamoja na kikohozi, na umetoka safari au umekaa na msafiri, piga simu kabla ya kwenda ili wahudumu wajiandae.

Mwanachama wa Moshi: Tangawizi, malimao na vitunguu saumu vinatibu? Na pombe kali inafaa kunawia?

Viungo hivyo ni chakula kizuri na vinalainisha koo, lakini havikiui kirusi. Pombe kali nyingi za dukani zina kilevi cha asilimia 35 hadi 40, na kitakasa mikono kinahitaji asilimia 60 au zaidi. Nunua sabuni.

Mwanachama wa Mombasa: Mama yangu ana miaka 78 na anaishi nasi chumba kimoja na wajukuu. Tumpeleke kijijini?

Safari ya basi lililojaa ni hatari kwake, na ninyi mnaweza kuupeleka ugonjwa kijijini msikojua kama hospitali iko karibu. Kama yuko nanyi abaki. Mpeni sehemu yenye dirisha, kikombe chake na taulo lake. Wajukuu wanawe kila wanapotoka nje kabla ya kumkaribia, na wasilale naye kitanda kimoja. Wageni wamsalimie wakiwa barazani. Kama ana dawa za presha, hesabuni zilizobaki leo hii.