Laini mbili za intaneti, trafiki ipite unapotaka wewe

Jamani hii nawaandikia nyie mnaosimamia netiweki huku Unguja na Pemba, khasa mwenye AS yake (netiweki yenye namba yake kwenye intaneti) na prefiksi zake (mafungu ya anwani za IP) kutoka AFRINIC, wagawaji wa anwani za Afrika, na kachukua provaida wawili kwa BGP (utaratibu wa rauta za netiweki mbalimbali kuambizana njia), mmoja wa faiba mwengine maikrowevu ya bakapu. Wengi wanaweka lokali preferensi (namba ya kuipa njia kipaumbele ndani ya netiweki yako) wanaona kazi imekwisha, halafu msimu wa wageni mahoteli ya Nungwi yanalalamika kwa sababu daunilodi bado zinapita kwenye laini nyembamba.

Lokali preferensi inaamua trafiki inayotoka kwako tu. Difolti kwenye rauta nyingi ni 100 na kubwa ndo inashinda, njia za faiba zipe 200, upande wa kutoka umekwisha. Trafiki inayoingia, ambayo ndo nyingi, wanaamua wenzako huko nje, wewe unaomba tu.

Ombi la kwanza ni kuprependi, yaani ukimtangazia yule wa bakapu unairudia namba ya AS yako mara mbili tatu njia ionekane ndefu. Inasaidia lkn si sana, maana BGP inaangalia lokali preferensi kabla haijafika kwenye urefu wa njia, na provaida kawaida wanazipa njia za wateja wao preferensi kubwa kuliko wanazozipata kwengine, kwa hiyo yule wa bakapu hata uprependi mara kumi yeye na wateja wake watakuja kwako kwa maikrowevu tu. Hapa ndo watu wanapokesha bure.

Dawa yake komyuniti, yaani alama unayoibandika kwenye tangazo la njia kumpa provaida maelekezo. Muombe provaida orodha yake, humo mara nyingi ipo ya kumwambia aishushe preferensi ya njia yako ndani ya netiweki yake, ibandike kwenye tangazo lako, na hakikisha rauta yako inazituma maana nyengine hazitumi mpaka uziamrishe. Utaratibu huu umeandikwa kwenye waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 1998, tangu mwaka 1996, si kitu kigeni.

Kama provaida hana komyuniti hiyo, gawa prefiksi. Una /23 (anwani 512, /24 ni nusu yake)? Itangaze kwa wote wawili, kisha /24 zake mbili kwa wa faiba peke yake. Prefiksi ndefu, yaani fungu dogo zaidi, inashinda siku zote, na faiba ikikatika /24 zinaondoka, /23 inabaki kukushika. Usiende ndefu kuliko /24, wengi wanazitupa. Mie hii naiweka mwisho kwa sababu inajaza meza za rauta za dunia nzima.

MED, namba ya kumdokezea jirani aingilie laini gani, achana nayo, kikawaida inalinganisha njia za jirani mmoja, wewe unao wawili.

Yote haya ufanye ukishaweka filta ya kutoka, utangaze prefiksi zako tu, vyenginevyo utampa huyu njia za yule na trafiki yao itaanza kupita kwako wewe mdogo. Na muulize kila provaida anavukia wapi kwenda Dar, wakiwa wote kwenye kebo moja chini ya bahari BGP haitokuokoa. Halafu usiku watu wamelala zima faiba makusudi, ingia Route Views ya Chuo Kikuu cha Oregon uangalie dunia inakuonaje, ndo uiwashe tena.