Ukikuta mkweche umetelekezwa: jinsi ya kujua ni gari gani, ndugu zake ni nani na spea utatoa wapi

Mtu akiona gari ya kizamani imezama kwenye majani nyuma ya gereji, cha kwanza anapiga picha nembo, cha pili anauliza bei. Vyote viwili vingoje kwanza. Swali la kuanza nalo ni hii gari inachangia nini na gari zingine ambazo bado zinatembea, maana mkweche ambao injini, giaboksi na difu yake viko kwenye ukoo mkubwa unafufuka kwa hela ya kawaida tu, ila ule ulio peke yake duniani utakumaliza hata ukipewa bure.

Tuanze na kuzipata. Mjini barabarani hutaziona tena, wanunua vyuma chakavu walishapita, kilo ikipanda bei kidogo gari nzima inaondoka usiku mmoja. Zilizobaki zipo penye geti na mlinzi, au mahali ambapo hakuna mtu mwenye uamuzi. Mashamba ya mkonge Tanga, huko Muheza mpaka Korogwe, yalikuwa na Land Rover na matrekta kibao na kwenye karakana za zamani bado unaweza kukuta mabodi. Misheni na parokia za bara, hasa zenye hospitali, hizo ndo nzuri zaidi, maana mapadri walikuwa wanatunza gari na hata kitabu chake unaweza kukikuta kabatini. Vyama vya ushirika, shule za kilimo, mashamba ya kahawa Kilimanjaro, na upande wa Kenya mashamba ya chai Kericho na Limuru. Halafu uani kwa wastaafu, mzee alinunua Peugeot yake miaka ya 80, ikafa, akaipandisha juu ya mawe akisubiri spea na mpaka leo anasubiri.

Nenda kiangazi majani yakiwa yamekauka, kipindi cha mvua unaweza kupita mita tano kutoka kwenye gari usiione. Na waachie namba yako bodaboda na walinzi, wanazijua zote. Ukifika usikimbilie kufungua boneti, gonga bodi, zunguka, subiri kidogo, nyuki wanapenda sana buti na viti vya gari iliyokaa muda mrefu, na nyoka hali kadhalika.

Angalia pia imelala wapi. Gari iliyokaa miaka ishirini Bagamoyo, Mombasa au Unguja na chumvi ile sio sawa na iliyokaa Dodoma au Singida, ya Dodoma itakuwa imepauka rangi na mpira wa madirisha umekatika vipande vipande lakini sakafu unaikuta. Mimi ningechukua ya bara isiyo na injini kabla ya ya pwani yenye injini inayowaka, injini inatafutwa, sakafu inatengenezwa na inauma.

Sasa kuitambua. Nembo inang'oka, gamba la taa linabadilishwa, bodi inapakwa rangi mara tatu, kinachosema kweli ni kibati cha chasisi na namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini. Beba brashi ya waya, kitambaa na mafuta ya taa kidogo, paka, subiri, futa, piga picha ukiwa umemulika tochi kwa pembeni ndo herufi zinaonekana.

Kibati cha Toyota ndo rahisi kuliko vyote na wengi mnakisoma kila siku. Mkisema NZE mnasema injini ya NZ ndani ya Corolla, hiyo E ya mwisho ndo Corolla. KDH ni injini ya KD ndani ya Hiace, TRH ni injini ya TR ndani ya Hiace ile ile, H ndo Hiace. Rudi nyuma miaka hamsini, mfumo ni huo huo. KE20, KE30, KE70 zote ni injini ya K ndani ya Corolla. KP ni K ile ile ndani ya Starlet, KM ni K ndani ya LiteAce. LN ni injini ya dizeli ya L kwenye Hilux na LH ni hiyo L kwenye Hiace. Na ukiona BJ, FJ au HJ, hiyo J ni Land Cruiser, herufi ya mbele inakwambia injini.

Kwa hiyo ukikuta KE20 shambani kwa mtu usizunguke Gerezani pale Dar ukiuliza spea za KE20, watakuambia hazipo tangu enzi za Mwinyi. Uliza za LiteAce. Injini za ukoo huo wa K, 3K na 4K, zina kipenyo kimoja cha silinda, milimita 75, tofauti ni mwendo wa pistoni, 66 kwa 73, ndo maana moja ina sisi (cc) 1166 na nyingine 1290. 5K wao walitanua silinda mpaka 80.5 kwa hiyo ringi zake usichanganye, lakini injini nzima ya 5K mafundi wanaipachika kwenye Corolla ya zamani bila kelele nyingi, na 5K ilifungwa pia kwenye foklifti za Toyota. Watu wa maghala na bandari wana spea ambazo duka la Corolla walishazisahau.

Datsun nayo hivyo hivyo. Datsun 1200 na 120Y zinatumia A12, kaka yake A14 yuko kwenye 140Y, na huyo A14 aliendelea kufungwa kwenye pikapu ndogo ya Nissan 1400 Afrika Kusini mpaka 2008, kwa hiyo mtu akikwambia Datsun 1200 haina spea mwambie aulize wanaoleta mzigo kutoka Afrika Kusini. Kinachochekesha zaidi ni L16 ya Datsun 510 na 160J, ina kipenyo 83 na mwendo 73.7, na hivyo vipimo ni vile vile vya L24 yenye silinda sita ya 240Z, gari iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973. Ni kama walichukua sita wakapunguza mbili. Ila jiandae, kila Datsun iliyokufa Kenya na Tanzania utaambiwa ilikimbia Safari Rally, unatikisa kichwa kwa heshima unaendelea kusoma kibati.

Land Rover nitakaa nayo kidogo maana ndo nyingi na ndo zinadanganya watu. Bodi ni alumini, haishiki kutu ya kawaida, kwa hiyo inaweza kuonekana nzima inang'aa huku chini imeisha kabisa. Chasisi ni chuma, na ule ukuta wa chuma kati ya injini na abiria nao unaliwa, hasa kona za chini karibu na miguu ya dereva. Lala chini na bisibisi kubwa, gonga chasisi kuanzia mbele ukirudi nyuma ukisikiliza, chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinatoa sauti butu na mara nyingine bisibisi inaingia. Kazana na ile boriti ya nyuma kabisa na sehemu ambazo springi zimeshikilia, tope linakaa humo miaka. Kama hapo pamekufa, unanunua mlango na giaboksi, sio gari.

Umri wake unausoma usoni. Series II ilianza 1958, IIA 1961, III 1971. Taa zikiwa katikati karibu na grili ni za mwanzo, zilihamia kwenye mabawa mwishoni mwa miaka ya 60, na grili ya plastiki ni III. Lakini usiamini sana sura, milango, boneti na mabawa yamehamahama kutoka gari moja kwenda nyingine kwa miaka hamsini, nyingi ni mchanganyiko wa tatu. Na huo ndo uzuri wake. Injini ya sisi 2286 ya petroli imetembea kwenye II, IIA na III, ya dizeli kwenye IIA na III, cha kuangalia ni kwamba za kuanzia 1980 kranki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imekaa kwenye beringi tano badala ya tatu, kwa hiyo ukiagiza beringi za kranki sema ya mwaka gani. Rimu zenye nati tano zinaingiliana na Defender, Range Rover ya kwanza na Discovery ya kwanza. Kwenye ile fupi, 88 (inchi kati ya akseli ya mbele na ya nyuma), difu ya mbele na ya nyuma ni aina moja, uwiano 4.7, na mafundi wengi wanaweka za Range Rover ya zamani za 3.54 ili itembee barabarani bila kupiga makelele, ukifanya hivyo badilisha zote mbili, ukibadilisha ya nyuma peke yake siku ukiweka foo, yaani magurudumu yote manne yavute, kwenye lami kavu utasikia giaboksi inalia. Na beba spana za inchi, za milimita zitakula vichwa vya nati zote.

Volkswagen kobe, ingia nyuma, angalia chini ya jenereta, pale ilipokaa kwenye bloku pamegongwa herufi na namba. D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500, AD ni 1600. Injini hizi zinaingiliana sana na za Kombi, na kobe iliendelea kutengenezwa Meksiko mpaka 2003 kwa hiyo spea mpya bado zinatoka. Rimu za zamani zina nati tano, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60 zikawa nne. Kombi kuanzia Agosti 1970 ina nati tano kwa mduara wa milimita 112, huo huo wa Benz za modeli ya W115 na W123, ndo maana unaona Kombi zimevaa rimu za Benz, ingawa lazima uangalie kina cha rimu isije ikagusa bodi.

Benz yenyewe inakurahisishia kazi. Safisha kifaa chochote utafute namba yake, inaanza na A halafu tarakimu tatu, hizo tatu mara nyingi ni modeli, au injini, ambayo kifaa kilitengenezewa mara ya kwanza. Ukiwa umefungua W123 ukakuta kitu kimeandikwa A115, ujue kimerithiwa kutoka W115, kwa hiyo sasa una mikweche ya aina mbili ya kutafutia. Injini ya dizeli ya 240D, OM616, ilitengenezwa pia India kwa ajili ya magari ya kampuni ya Force ya huko.

Peugeot 504 na 505 ni mtu na mdogo wake, injini ya petroli ya sisi 1971 ni hiyo hiyo, na dizeli ya 2304 walimuuzia hadi Ford akaiweka kwenye Sierra. Kwa nyuma ndo uangalie, 504 saluni nyingi kila tairi la nyuma linacheza kivyake, ile ndefu ya kubeba watu ina akseli moja na springi za duara, pikapu ina springi za majani. Mtu akikuuzia akseli ya 504 bila kusema ya ipi anakutania.

Na magari ya Kiingereza ya miaka ya 60, Austin Cambridge, Morris Oxford, Wolseley 16/60, hizo ni gari moja yenye pua tofauti, bodi ilichorwa na Pininfarina na injini ya Austin Cambridge ya A60 na ya Oxford VI ni sisi 1622 zote. Morris Oxford ya kabla yake, Series III, India waliigeuza Ambassador wakaitengeneza mpaka 2014, kwa hiyo mwenye jamaa anayesafiri Mumbai kufuata mzigo ana bahati.

Baada ya yote hayo, kuna jambo ambalo watu wanalifanya kinyume. Wakiikagua wanahesabu injini ipo, giaboksi ipo, wanafurahi. Hivyo ndo vinavyochangiwa, vinapatikana. Hesabu visivyochangiwa, kioo cha mbele, vioo vya nyuma, vitasa, gamba za taa za nyuma, dashibodi, mita, mikanda ya kromu, fremu za madirisha. Taa ya duara ya inchi 7 sio shida, ni ile ile ya Land Rover, Mini na Land Cruiser FJ40. Kioo cha nyuma cha 504 kupe ni shida. Gari isiyo na injini lakini yenye vioo vyote na vitasa vyote, hiyo ndo ya kutolea hela.

Karatasi sasa, na hapa usiwe na haraka. Gari kutelekezwa sio kukosa mwenyewe. Mara nyingi mwenye kadi alishafariki na gari ni mirathi, mpwa mmoja anayekaa pale hana haki ya kuuza hata tairi. Ongea na msimamizi wa mirathi, andikishaneni kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, linganisha namba ya chasisi na kadi, kwa Kenya logibuku, kabla hela haijatoka mfukoni. Zenye namba za serikali au mashirika ya umma, yaani STK, SU au GK, usimpe mlinzi hata shilingi, hizo kwa kawaida zinatoka kwa mnada.

Siku ya kuichukua usije na betri. Toa plagi, weka oili kidogo kila silinda, iache ilale, kesho yake zungusha kranki kwa spana taratibu, ikigoma usilazimishe, ongeza oili usubiri. Breki za nyuma zitakuwa zimeganda kwenye ngoma, gonga ngoma pembeni kwa nyundo na gogo la mti, na kama tairi bado halizunguki usiikokote hivyo hivyo, ita lori la winchi.