Kabla Hujatangaza Ofa ya Sikukuu, Hesabu Mikono

Novemba ikifika katikati, wenye saluni, vinyozi, mafundi cherehani na waosha magari wote tunafanana: kila mtu anamsaka kijana wa kumtengenezea picha yenye mti wa Krismasi na maandishi mekundu. Subiri kwanza. Mimi nina saluni ya kusuka Tabata, Dar es Salaam, na mengine ninayokuambia hapa niliyalipia.

Picha iwe na bei, mahali ulipo na namba ya simu. Usiandike "bei poa". Poa ya nani? Namba yenyewe ipige kabla ya kuisambaza; nimewahi kuona bango zima limechapwa, tarakimu moja haipo. Na kama unataka kulitundika barabarani, ulizia kibali cha halmashauri kabla hawajaja kuling'oa.

Tarehe usikisie. Dar watu hawasuki wote tarehe 24. Wanaokwenda Moshi, Arusha au Bukoba wanaanza kumiminika stendi ya Mbezi Luis siku nyingi kabla, na kila mmoja anataka kushuka kwao akiwa kichwa kimekaa. Tangazo la hao litoke Desemba inapoanza. Ukilitoa tarehe 20 unamtangazia mtu aliyeko Korogwe ndani ya basi, kasukwa na jirani yako. Wa tarehe 22 hadi 24 ni wanaobaki mjini, na Januari inakuletea watoto wanaorudi shule. Wewe uliyeko Moshi geuza hesabu: wateja wanakufuata hukohuko, tena wana siku chache. Idd nayo inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tangazo la mwaka jana usilichomoe na tarehe zake. Usiandike hata "mwisho Jumatatu", maana mwezi huandama ukipenda, 29 au 30. Andika "hadi mkesha wa Idd" na mwaka, yatosha.

WhatsApp: ujumbe wa kutuma kwa orodha unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, na orodha moja haizidi watu 256. Mwambie mteja akuhifadhi akiwa bado kwenye kiti, umeshika kitana. Na picha ya kichwa chake usiirushe bila kumuomba. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata bila sheria: mteja wangu mmoja aliaga kazini kuwa anaumwa, na saa tano asubuhi yuko kwenye stetasi yangu anacheka, rasta zinang'aa. Bosi wake alikuwa kahifadhi namba yangu.

Sasa lile lililoniuma.

Desemba ya 2022 niliandika hivi: "Ofa ya Krismasi! Rasta 25,000 tu, nywele zetu. Karibuni nyote." Bei yangu ya kawaida ilikuwa 40,000. Hesabu niliipiga kichwani nikiwa kwenye daladala: pakiti tatu za nywele, kila moja 3,500, ni 10,500, msusi 12,000 kwa kichwa, inabaki 2,500. Nikajiambia kidogo kidogo, watakuja wengi. Nywele sikununua mapema. Nilipokwenda Kariakoo tarehe 22, rangi namba 1B, ile nyeusi, ilikuwa imeadimika na pakiti imefika 5,000. Piga mwenyewe: 15,000 na 12,000 ni 27,000. Kila kichwa kilichoingia nilikuwa nakiongezea 2,000 ya mfukoni kije kusukwa kwangu.

Laiti ingekuwa hasara ya pesa tu. Jumamosi ya tarehe 24 nilifungua saa moja asubuhi nikakuta kumi na moja wamekaa barazani. Kufika saa nne nilihesabu thelathini na moja. Wasusi niliobaki nao walikuwa wanne, kwa sababu wawili walikwisha panda basi kwenda kwao, na ruhusa niliwapa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mwezi mmoja kabla. Rasta ndogo, wasusi wawili kichwa kimoja, ni saa tatu na zaidi. Jozi mbili, tangu asubuhi hadi saa tatu usiku, wakila wamesimama, ni vichwa vinane. Vinane! Nami niliita "nyote".

Saa kumi jioni dada mmoja, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama wima, alinyanyuka akasema anakwenda kumalizia kwingine. Akajifunga khanga kichwani, hakunitukana wala hakulipa. Mwingine alikuwa na ndoa kanisani kesho yake asubuhi. Tulimmaliza saa nane usiku kwa tochi ya simu, maana umeme ulikatika na betri ya taa niliyojivunia haikuwa na chaji. Hao wawili sijawaona tena dukani kwangu, na wote ni wa mtaani.

Ukadhani yameishia hapo. Stetasi hufutika baada ya saa 24, lakini picha ilikwisha hifadhiwa kwenye simu za watu na kutumwa kwenye magrupu ya vikoba. Desemba ya 2023 mama mmoja akaingia, akanionyesha simu yake: mti uleule, maandishi yaleyale mekundu, 25,000. Hakukuwa na mwaka. Ningesema nini? Nikamsuka kwa bei hiyo, nikiumia kila msuko.

Kwa hiyo siku hizi tangazo langu lina siku, mwezi na mwaka wa mwisho, lina idadi ("vichwa 8 kwa siku"), na linasema wazi kama nywele ni zako au zangu. Nywele nanunua Novemba. Wasusi nawauliza nani anasafiri na lini kabla sijamwita yule kijana wa picha. Ofa naiweka siku ambazo biashara imelala, Jumatatu na Jumanne za mwanzo wa mwezi. Tarehe 23 na 24 watu watakuja hata bila ofa, unapunguza bei ili iweje?

Chukua kianzio. Mimi ni 10,000 kwa Lipa Namba, jina na saa vinaingia daftarini, akichelewa nusu saa nafasi inakwenda kwa anayefuata, na hilo naliandika kwenye ujumbe ili tusije tukagombana. Muamala uhakikishe kwenye simu yako, siyo kwenye skrini anayokuonyesha. Mtandao ukikwama, akae asubiri, asikimbie wala usimkimbize.

Umeme wa LUKU jaza mapema. Noti za 10,000 zipapase. Simu za wateja zinazochajiwa ziwe mahali unapoona, mlango wa nyuma ufungwe, mtoto wa mteja asikae karibu na maji ya moto ya kuchovyea rasta, na fundi akisema mgongo unauma mwache akae. Ukifunga usiku wa mkesha usibebe mauzo peke yako. Na ile picha ya mwaka jana ifute kwenye simu yako leo, kabla hujairusha kwa bahati mbaya.